Ngoswe na Kishikwambi: Nani Anaandikiwa Katika Maktaba Dijitali?

Wengi wetu tunaosoma jarida hili tuliifanyia mtihani tamthiliya ya Edwin Semzaba, Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe. Tulikariri dhamira zake: uzembe kazini, ulevi, mapenzi, nafasi ya mwanamke. Tulikariri pia kwamba mhusika mkuu ni karani wa sensa aliyetumwa kijijini kuhesabu watu, akaiacha kazi iliyomleta akamfuata Mazoea, binti wa Mzee Mitomingi, na kwamba mzee huyo kwa hasira aliziteketeza karatasi za sensa. Tukapata maksi zetu, tukaendelea na maisha.

Mimi nataka kuzirudia zile karatasi. Kuna swali ambalo sikumbuki kuulizwa darasani: karatasi zile zilikuwa za nani? Habari zilizokuwamo zilitoka kwa wanakijiji, zikaandikwa na mgeni, zikawa zinasubiri safari ya kwenda mjini. Tuseme zisingechomwa. Je, Mitomingi angeziona tena? Kuna mtu angerudi kijijini kumsomea kilichoandikwa juu ya nyumba yake?

Swali hilo limenirudia kwa sababu ya mjadala wa siku hizi kuhusu maktaba dijitali. Tunaambiwa kwamba sasa maarifa ya kitaaluma yako wazi kwa kila mtu mwenye simu. Katika makala haya najaribu kuihakiki maktaba dijitali kwa vipimo vile vile tunavyovitumia kwa kazi ya fasihi: nani anasema, kwa lugha gani, kwa hadhira ipi, na kwa manufaa ya nani. Ninaitazama kutoka nyanda za juu za Kigoma, yaani Kasulu nilikokulia na Kibondo ambako nina ndugu. Dai langu ni kwamba kizuizi kikubwa hakiko tena kwenye nyaya na umeme, ingawa navyo vipo. Kizuizi kikubwa ni kwamba watu wa huko wamekuwa chanzo cha maarifa hayo bila kuhesabiwa kuwa wasomaji wake.

Mlango na ufunguo

Tuanze na umbo la nje. Tusiwe wachoyo wa kukiri mambo yaliyobadilika. Hadi mwaka 2022, Kasulu na Kibondo zilipata umeme wa majenereta ya dizeli. Mwaka huo ndipo zikaunganishwa na gridi ya taifa. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Agosti 2022 viligawiwa walimu wa shule za umma. Hebu msomaji alitafakari hili kidogo: kifaa cha karani wa sensa, mrithi wa karatasi za Ngoswe, kimebaki mikononi mwa mwalimu. Binamu yangu anayefundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari wilayani Kibondo anacho. Akikiwasha anaweza kufungua maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania na kusoma vitabu vya kiada. Hilo si jambo dogo kwa mwalimu aliyezoea kitabu kimoja kwa wanafunzi kumi.

Lakini akitaka kupanda ngazi moja, kutoka kitabu cha kiada kwenda makala ya kitaaluma, mambo yanageuka. Maktaba dijitali husifiwa kwamba haina kuta. Kuta kweli hazipo, ila mlango upo, na ufunguo hupewa taasisi. COTUL, ushirika wa maktaba za vyuo vikuu na taasisi za utafiti nchini, hununua kwa pamoja haki ya kusoma majarida ya nje ili gharama isikielemee chuo kimoja. Research4Life, mpango ulioanza mwaka 2002 kwa majarida ya afya kisha ukapanuka kwenye kilimo, mazingira na fani nyingine, nao hufungua milango kwa taasisi za nchi zetu. Ni mipango mizuri na mimi mwenyewe ninaifaidi. Lakini mwalimu wa Kibondo hana taasisi inayomlipia. Si mwanachuo, si mtafiti. Kwa mfumo huo hayumo katika hesabu.

Hata mimi niliye mwanachuo nilionja hali hiyo likizo iliyopita. Nikiwa Kasulu, bando likiwa linayoyoma, niliifungua tovuti moja yenye makala niliyoihitaji kuhusu ndoa na mamlaka Tanzania ya magharibi. Ikaniomba dola 30 na ushei. Kwa bei ya msimu wa mavuno, fedha hiyo inakaribia gunia la mahindi. Makala hiyo inazungumzia akina bibi zetu, halafu mjukuu wao anatakiwa auze gunia ili aisome! Nilifunga simu nikaenda kuchota maji.

Zipo njia za pembeni. JSTOR humruhusu mtu binafsi aliyejisajili kusoma idadi fulani ya makala bure kila mwezi. AJOL, mtandao wa majarida ya Afrika ulioanzia Uingereza mwaka 1998 na baadaye ukahamia Afrika Kusini, una majarida mengi yaliyo wazi kabisa. Na wapo wanaopitia dirishani, kwa tovuti ya Sci-Hub aliyoianzisha Alexandra Elbakyan wa Kazakhstan mwaka 2011, ambayo wachapishaji wakubwa wameipeleka mahakamani. Kila mwanafunzi anajua habari hizi hata kama hatuzisemi mbele ya wahadhiri wetu. Lakini njia zote hizi zinamtaka mtu ajue kwanza kwamba kitu anachokitafuta kipo. Hapo ndipo tunapoingia kwenye maudhui.

Maktaba ya stesheneri

Kabla ya kuuliza nini hakifiki Kibondo, tuulize nini kinafika. Maktaba inayofanya kazi kila siku katika miji yetu ni stesheneri: chumba kimoja, kompyuta moja au mbili, mashine ya kutoa kopi, na kijana anayejua faili gani liko wapi. Mwanafunzi anakuja na flashi, anasema "nipe uchambuzi wa vitabu teule kidato cha tano na sita", anatoa hela yake, anaondoka na kurasa sitini. Faili lile lile linatembea kwa WhatsApp kutoka shule hadi shule. Aliyeliandika hajulikani. Mwaka lilipoandikwa haujulikani.

Nimezisoma notisi hizo, kwanza kama mwanafunzi na sasa kama mhakiki. Kila kitabu kinakatwakatwa kwa namna moja: dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa, msimamo, kisha fani, muundo, mtindo, wahusika, mandhari. Chini ya "falsafa ya mwandishi" utakuta sentensi moja inayoweza kuhamishwa kutoka riwaya ya Shaaban Robert hadi ya Shafi Adam Shafi bila mtu kushtuka. Katika moja niliyoipata Kibondo, mhusika wa tamthiliya moja alikuwa amehamia kabisa kwenye tamthiliya nyingine, na wanafunzi walikuwa wamemkariri hivyo hivyo.

Nilimwuliza binamu kwa nini anaziacha notisi hizo darasani. Akanijibu: "Mdogo wangu, wewe unazicheka kwa sababu una kingine cha kusoma. Sisi huku hizi ndizo zilizotufikia." Nilinyamaza. Lakini jibu lake lilinifundisha jambo. Notisi zile, pamoja na makosa yake yote, zinatimiza masharti matatu ambayo makala zetu za kitaaluma hazijayatimiza: ziko kwa Kiswahili, ziko kwenye faili jepesi ambalo simu yoyote inalifungua, na zinamhesabu mwanafunzi wa Kibondo kuwa ndiye msomaji. Aliyeziandika alijua anamwandikia nani. Je, sisi tunajua?

La kusikitisha zaidi ni kwamba uhakiki mzuri upo na uko wazi. Majarida ya TATAKI, yaani Kioo cha Lugha na Mulika, yamo mtandaoni. Swahili Forum, jarida lililoanzia Ujerumani mwaka 1994, husomwa bure, na lina makala za Kiswahili. Hazina ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania ina tasnifu nyingi za fasihi zilizoandikwa kwa Kiswahili na walimu waliokuwa wakisoma huku wakifundisha. Binamu yangu alikuwa hajasikia hata moja kati ya hizo. Nilipomwonyesha, alikesha. Maana yake ni kwamba kufungua mlango peke yake hakutoshi. Lazima mtu aende barabarani akaseme kwamba mlango umefunguliwa, na hiyo si kazi ya kompyuta.

Waha wanapotafutwa

Sasa tuje kwenye maarifa kuhusu Buha yenyewe. Mimi nilitaka kuandika tasnifu juu ya fasihi simulizi ya Waha. Msimamizi wangu aliniambia nianze na mapitio ya maandiko, nami nikaketi mbele ya kompyuta na kuandika "Waha". Hakikuja kitu cha maana. Nikaandika "fasihi simulizi ya Waha". Zikaja kurasa chache. Siku kadhaa baadaye ndipo nilipogundua kwamba katika taaluma ya nje sisi tunaitwa "Ha". Herufi mbili! Msomaji ajaribu mwenyewe kuliandika neno hilo kwenye kisanduku cha kutafutia aone yatakayomjia: vicheko, vifupisho, na vipande vya maneno ya lugha mia. Ili uyapate maandiko hayo inabidi ujue mapema kuunganisha "Ha" na "Tanganyika", au "Buha", yaani uwe tayari umekwisha kusoma kile unachokitafuta.

Nilipoupata ufunguo huo, niliona kwamba tumeandikwa zaidi ya nilivyodhani. J. H. Scherer alichapisha makala ndefu kuhusu Waha katika jarida la Anthropos mwaka 1959. Margot Lovett aliandika mwaka 1994 kuhusu ndoa na lugha ya kisiasa Tanzania ya magharibi wakati wa ukoloni. Michele Wagner ana sura nzima juu ya Buha, mazingira na historia yake, katika kitabu Custodians of the Land cha mwaka 1996, ambacho kwa bahati nzuri Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam walikuwa miongoni mwa wachapishaji wake. Na mwaka 2004 Lotta Harjula alichapisha huko Köln, Ujerumani, sarufi ya Kiha pamoja na matini na msamiati.

Matini! Mwanafunzi wa fasihi akiliona neno hilo moyo unamdunda. Kwa hiyo kuna maneno ya Kiha yaliyokwisha kunakiliwa, kupangwa na kufasiriwa, na yamo katika kitabu cha isimu kilichochapishwa Köln. Simlaumu mtafiti. Bila kazi yake sarufi hiyo isingekuwapo, na hakuna aliyenizuia mimi au wakubwa wangu kuifanya kabla yake. Ninachosema ni kwamba safari ya maneno yale imekuwa ya upande mmoja, na hapo ndipo yanapofanana na karatasi za Ngoswe. Tofauti ni kwamba haya hayakuchomwa. Yametunzwa vizuri sana, lakini mbali na waliyoyasema.

Linganisha na pwani. Tendi za Kiswahili ziliandikwa kwa hati ya Kiarabu, zikakusanywa, na mwaka 1970 J. W. T. Allen akatoa orodha ya miswada iliyokuwa katika maktaba ya chuo kikuu hapa Dar es Salaam. Nyingine ziko SOAS, London, na baadhi zimewekwa katika mfumo wa dijitali. Mswada una karatasi, na karatasi hupigwa picha. Fasihi ya nyanda za juu ilikaa midomoni mwa watu. Hakuna mashine ya kuweka mdomo wa bibi juu ya kioo na kubonyeza kitufe. Hivyo maktaba dijitali, hata bila kukusudia, huendeleza upendeleo wa zamani wa maandishi dhidi ya simulizi, upendeleo ambao tunausoma kila mwaka katika kozi ya nadharia kana kwamba umekwisha.

Hadhira iliyosahauliwa

Nitaeleza tukio moja, kwa kuwa ndilo lililonifanya niandike. Sura ya Wagner niliisoma maktaba, nikapiga picha kurasa kwa simu, kama tunavyofanya sote. Likizo nilikwenda nazo Kasulu. Jioni moja nilimwambia babu yangu mzaa mama kwamba kuna kitabu kinachozungumzia abateko. Akashangaa kwamba neno hilo limevuka bahari. Akaniambia nimsomee.

Nilianza kutafsiri, Kiingereza kwenda Kiswahili, na nilipokwama nikaingiza Kiha changu cha kuombea maji. Nikasema umuteko alikuwa "kama kuhani". Babu akanikatiza. "Kuhani ni wa kanisani, mjukuu wangu. Umuteko hakuwa na kanisa. Alikuwa na ardhi." Akaanza kueleza, na maelezo yake yalichukua jioni tatu. Sehemu nyingine zilikubaliana na nilichokuwa nimesoma, nyingine alizieleza tofauti, akisema huko kwao mambo hayakuwa hivyo, labda kwa majirani. Neno "kuhani" lilikuwa kosa langu, si la mwandishi. Lakini lilinionyesha nini kinatokea maarifa yanapopita lugha tatu ili kumrudia mwenyewe.

Jioni zile tatu babu alifanya kazi ambayo sisi tunaiita uhakiki. Alipima madai, alitofautisha mahali na mahali, alikataa istilahi isiyofaa na kutoa sababu. Katika taaluma, makala ikichapishwa, wasomi wengine huijibu, na hivyo ndivyo maarifa yanavyosonga. Makala ya Scherer imekaa kwa zaidi ya miaka 60. Ni mzee gani wa Heru, Kasulu au Kibondo aliyepata kuijibu? Hawakuwa na cha kujibu kwa sababu hawakusomewa swali.

Mwisho babu akaniuliza: "Sasa haya niliyokuambia utayaandika wapi?" Sikuwa na jibu. Tasnifu za shahada ya kwanza, tuseme ukweli, nyingi huishia kwenye rafu ya ofisi. Mimi niliyekuja na hasira dhidi ya wachapishaji wa ng'ambo nilikuwa najiandaa kufanya jambo lile lile, tena kwa umbali mfupi zaidi.

Hoja za wanaonipinga

Rafiki zangu niliowasomea rasimu wamenipa hoja mbili. Ya kwanza: sayansi ya isimu au anthropolojia ina lugha yake, huwezi kumwandikia profesa na mkulima kwa kalamu moja. Ninakubali. Sidai kwamba sarufi ya Kiha iandikwe kama hadithi ya watoto. Ninadai kwamba kila kazi iliyotokana na vinywa vya watu iwe na kurasa chache za Kiswahili zinazosema kilichopatikana, na kwamba matini zenyewe, yaani hadithi na methali, zirudi kama matini. Mtafiti mgeni anahitaji kibali cha COSTECH kuingia. Kwa nini muhtasari huo usiwe sehemu ya kawaida ya kuaga?

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Kwamba ukiweka kila kitu wazi, utakuwa umewavua wazee nguo. Babu mwenyewe, katika jioni ya tatu, aliniomba nizime simu nilipokuwa namrekodi. Kuna mambo aliyataka yabaki kwangu. Hapa namkumbuka tena Mitomingi. Tulifundishwa kukichukulia kitendo chake kuwa hasira na ujinga tu, na hasara ya taifa. Hasara ilikuwapo. Lakini pia ni mtu pekee katika tamthiliya ile aliyetamka, kwa njia yake mbaya, kwamba habari za watu wake si za kuchukuliwa hivi hivi. Maktaba nzuri ni ile inayojua kuuliza "hili niliweke wapi, na nani alisome?" kabla ya kuliweka. Swali hilo haliwezi kujibiwa na mtu aliyeko mbali peke yake.

Hitimisho

Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 2018, ilijengwa ili iweze kubeba vitabu 800,000. Najivunia jengo hilo kama Mtanzania. Lakini mafanikio ya maktaba, ya matofali au ya dijitali, tusiyapime kwa wingi wa ilichobeba. Tupime kwa swali dogo: mtu aliyeandikwa anaweza kukisoma alichoandikwa na kukijibu?

Kwa upande wangu nimeamua yafuatayo, na ninayaandika hapa ili wenzangu wanibane. Tasnifu yangu nitaiandika kwa Kiswahili, na matini zitakuwa kwa Kiha na tafsiri yake pembeni. Katika jina la faili na katika maneno ya msingi nitaweka yote: Waha, Kiha, Buha, Kasulu, Kibondo, na hata hilo "Ha" la watu wa nje, ili anayetafuta kwa jina lolote anipate. Yale ambayo babu aliyazimia simu hayatakuwamo. Nitaomba iwekwe kwenye hazina ya chuo. Kisha nitampelekea binamu faili lile lile kwenye flashi, naye amesema ataliacha stesheneri pale mjini Kibondo, kando ya uchambuzi wa vitabu teule. Kijana wa pale ameshauliza litakuwa na kurasa ngapi, maana kopi ni kwa ukurasa.

Babu naye ana sharti lake. Anataka asomewe sura ya abateko kabla sijaikabidhi kwa msimamizi. Ameniambia kama nimeandika "kuhani" tutaanza upya.